Shingo Upande

Zamani, mtu akisema amekubali shingo upande
nilidhani ni namna ya kusema tu.
Sasa naamka Bondeni, jogoo wa jirani hajakata kiu ya kuwika,
na shingo imeshakataa kushoto.
Kulia inaniruhusu hadi dirishani.
Kushoto ndiko aliko mke wangu.
Namgeukia mwili mzima,
kama lori linalorudi nyuma sokoni.
"Umeamkaje, lori?" huniuliza Nyakio.

Miaka thelathini na mmoja nimeinama
kwenye baraza la duka la vitambaa, mjini Nakuru,
lenzi jichoni, kibano mkononi,
nikiwarudishia watu dakika zao:
saa ya askari jela mstaafu,
saa ya bibi harusi iliyoingia maji ya vyombo,
saa ya mchungaji iliyokuwa ikichelewa, na mahubiri pamoja nayo.
Kidevu kifuani tangu asubuhi,
nikitafuta gurudumu dogo kuliko punje ya wimbi.
Sikujua kichwa nacho ni mzigo,
kwamba kikiinama huning'inia
kama ndoo ya kisima, na kamba ni ile ile moja.

Nilisema ni mto. Nikanunua mto.
Nikasema ni baridi ya Menengai. Nikajifunga skafu.
Shemeji akakamata kichwa kwa mikono ya kukamulia ng'ombe,
akavuta, pakalia kwaa!
nikaziona nyota saa sita mchana.
Halafu vidole viwili vikaingia ganzi
na skrubu, ile ndogo kabisa, ikaanguka
bila mimi kujua nimeiachilia.

Hospitalini, Bi. Chelang'at aliinua eksirei kwenye mwanga.
Akaonyesha kwa kalamu: hapa na hapa
visahani vya kati ya pingili vimekauka, vimekonda;
hapa mfupa umeota kijino, unaisumbua neva.
"Ni kuchakaa, Mzee Gathecha. Si laana, si uvimbe."
Nilielewa upesi, ndiyo kazi yangu hiyo.
Meno yameisha. Basi fungua, tutie spea.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Hii si saa.
Saa ukiisimamisha haichakai.
Shingo ukiisimamisha, inashika kutu."

Akanipa karatasi ya mazoezi.
Niliipokea, unajua vipi.

Meza yangu sasa imesimama juu ya matofali,
saa inanifuata machoni, siifuati tena.
Kila zinapolia barazani (hazilii pamoja, nakiri)
nanyanyuka. Kidevu nyuma,
kama mtu aliyeonyeshwa bili.
Mabega juu, mabega chini.
Kulia, polepole, hadi benki.
Kushoto, hadi kwa muuza miwani, na hapo panatosha.
Watoto wa shule huniiga wakipita. Waacheni, watazihitaji.
Usiku ni taulo la maji moto na mto mmoja, si miwili.
Kidonge ni cha siku mbaya, tena baada ya chakula.
Na niliapishwa: miguu ikianza kuyumba,
vikombe vikiponyoka mkononi, haja ikitoka bila ruhusa,
nisingoje miadi, niende siku hiyo hiyo.

Siku mbaya zipo.
Jumanne ile ya mvua nilifunga kazi saa nne,
nikalala chali nikihesabu misumari ya paa,
nikimchukia kila aliyeweza kutikisa kichwa
kuniambia pole.
Nilimuuliza Bi. Chelang'at nitapona lini.
Hakunitajia tarehe. Alisema, "Utaizoea, nayo itakuzoea,"
nikamkasirikia wiki nzima
huku nikifanya mazoezi yake.

Leo alfajiri, kushoto, nimefika sikioni kwa Nyakio.
Si usoni. Sikioni.
Pana kipuli kidogo cha fedha
nisichokumbuka nilikinunua mwaka gani.
Nimelala nikikitazama mpaka shingo ikachoka,
nikairudisha taratibu, kama mshale wa saa ya mtu.
"Umeona nini huko?" akauliza, macho yamefumbwa.
Nikamwambia bado niko njiani.
Kesho, labda, pua.